Soko la Kuku Nalo Lipumzike

Wengi hudhani ya kuwa maradhi ya kuku huzaliwa kijijini na kuishia kijijini. Habari za Hong Kong zatufundisha jambo jingine: soko lenyewe laweza kuwa ghala la ugonjwa.

Mwaka 1997 mafua ya ndege, aina ya H5N1, yaliwashika watu 18 mjini humo, na 6 wakafa. Wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Siku zile kuku, bata na kware waliuzwa hai katika masoko yale yale. Mwisho wa Desemba serikali iliamuru kuku wote wauawe, wa masokoni na wa mashambani, nao walizidi milioni moja.

Je, soko hueneza ugonjwa kwa njia gani? Bata aweza kuchukua virusi pasipo kuonekana mgonjwa, naye kuku aliye karibu huambukizwa. Virusi hutoka katika kinyesi na makamasi, vikashika matenga, maji na viatu. Kuku asiyenunuliwa leo hulala sokoni. Kesho huwaambukiza wageni walioletwa wazima, nao huwaambukiza wa kesho kutwa. Moto hauzimiki, kwani kila siku huongezwa kuni.

Basi Hong Kong waliamua kuondoa kuni. Bata walitengwa na kuku. Mwaka 2001 iliwekwa siku moja kila mwezi ya kulipumzisha soko: kuku wote waliosalia huchinjwa, vizimba vikaoshwa, soko likabaki tupu. Mwaka 2002 kuuza kware hai kulikatazwa. Mwaka 2003 iliongezwa siku ya pili. Na mwaka 2008 ilikatazwa kuku hai kulala sokoni. Wataalamu walipowapima kuku, waliona virusi vya mafua vya aina ya H9N2 vimepungua.

Mchuuzi atasema, "Nami nina watoto wa kulisha." Ni kweli. Lakini hasara ya siku moja hujulikana mapema, na mtu aweza kujiandaa. Hasara ya kuuawa kuku wote huja ghafula.

Nasi tusidhani kwamba jambo hili liko mbali. Mwaka 2017 mafua ya ndege, aina ya H5N8, yaliua ndege kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Tena iko desturi mbaya tunayoijua sote: kuku akianza kuzubaa, mwenyewe humkimbiza sokoni kabla hajafa. Huko ni kumwuzia jirani ugonjwa kwa bei ya kitoweo.

Kwa hiyo, kuku mgonjwa asiuzwe wala asiliwe. Bwana mifugo apewe habari upesi. Kuku aliyerudi sokoni asichanganywe na wenzake, bali akae peke yake majuma mawili. Tenga lioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani kabla halijatumika tena, na mikono ioshwe vivyo hivyo. Nao wasimamizi wa masoko wakitoa siku ya kusafisha, tusiwanung'unikie.