Choma kwa Meno Bandia

Aliyewekewa meno bandia hivi karibuni hana pa kujificha Kitengela. Moshi wa choma umetanda kandokando ya barabara ya Namanga, na wikendi haipiti kabla hujaalikwa mbavu za mbuzi. Tatizo la mbavu si ugumu wa nyama. Ubavu hung'atwa kwa meno ya mbele kisha ukavutwa, na meno bandia yakivutwa kwa mbele, nyuma huinuka yakaachia ufizi. Ndipo mtu huziba mdomo kwa mkono na kudai ameshiba.

Hata ikitengenezwa na fundi bingwa, seti nzima ya meno bandia hutafuna kwa nguvu isiyozidi robo ya ile ya meno ya asili. Seti ya juu ina nafuu, kwa kuwa imefunika kaakaa lote na mate huishikiza. Ya chini imekalia ukingo mwembamba wa ufizi huku ulimi ukiisukuma kutwa nzima, kwa hiyo malalamiko mengi ni yake.

Kwa sababu hiyo jino lako mwenyewe lina thamani kuliko linavyoonekana. Maji ya visima vingi vya kaunti hii ya Kajiado yana floridi nyingi, na wengi waliokulia huku wana meno ya kahawia. Rangi hiyo peke yake si sababu ya kung'oa jino lililo imara. Uliza kwanza kama linaweza kufunikwa, maana hata ukiwekewa meno bandia machache, hayo hujishikiza kwenye majirani waliobaki.

Wiki za kwanza sahau choma. Kula uji, maziwa lala, mayai, ndengu, mukimo, na ugali laini wenye mchuzi wa kutosha. Tonge ligawe mdomoni, nusu kushoto na nusu kulia, utafune pande zote mbili kwa pamoja. Ukitafuna upande mmoja, ule mwingine huinuka. Githeri isubiri kidogo kwa ajili ya maganda ya mahindi. Anayeitamani sana apike muthokoi, ambayo mahindi yake yamekobolewa, aichemshe hadi ilainike kabisa. Chapati ichovye kwenye mchuzi usihangaike kuirarua. Hindi la kuchoma lipukuchue kwa kidole gumba, na punje ziwe changa. Muwa, kwa maoni yangu, uage tu.

Jihadhari na chai. Kaakaa lililofunikwa halihisi moto upesi, na chai inayotoka jikoni inaweza kukuunguza koo kabla hujajua. Ionje kwa mdomo wa juu kwanza. Mwiba wa samaki nao hupita hivyohivyo bila kuhisiwa, basi mchambue samaki kwa vidole kabla ya kumtia mdomoni.

Ukishazoea, rudi kwenye choma, lakini zungumza na mkataji kabla hajainua panga. Mwambie akupe mnofu, aukate vipande vidogo kama punje mbili za mahindi, tena akate kukingama nyuzi za nyama. Mifupa asiipasue kwenye ubao huohuo, kwa sababu chembe ya mfupa ikiingia chini ya meno bandia huchoma ufizi kama msumari. Usione haya kuomba kisu. Wapo wazee wengi wa Kimaasai waliong'olewa meno mawili ya mbele ya chini kwa mila tangu utotoni, na nyama wamekula maisha yao yote.

Baada ya kula, toa meno bandia uyasuuze. Yasugue kwa brashi laini na sabuni ya kawaida juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjike. Maji yanayochemka huyapinda. Usiku yaloweke kwenye maji ya kawaida, ufizi upumue.

Vidonda vidogo siku za mwanzo ni kawaida, na maji ya chumvi husaidia. Usichukue tupa ukayasugua mwenyewe, wala usiyagandishe kwa gundi ya viatu. Rudi kwa daktari wa meno aliyesajiliwa; Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya lina orodha yake mtandaoni, na kuikagua ni bure. Wengi huvua meno kwa wiki nzima wakisubiri miadi, kidonda kikapona, wakafika daktari asione pa kupunguza. Yavae tena siku moja kabla ya kwenda, hata kama yanauma, alama ionekane. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili kionyeshe bila kuchelewa.

Na meno bandia yakianza kulegea baada ya miaka michache, usidhani yameharibika. Mfupa wa taya husinyaa meno yakishang'olewa, nayo yale bandia yanaweza kuongezewa bitana upya kwa ndani badala ya kununua mengine.