Chakula Kinapokosa Ladha: Somo Kutoka kwa Mzee Barzilai

Somo la juma hili linatoka 2 Samweli 17:27-29 na 19:31-39. Tunaomba kila familia isome mistari hiyo nyumbani, watoto wakiwepo, kisha mrudi hapa.

Tumelichagua kwa sababu ya jambo lililotokea jikoni mwetu wenyewe. Dada mmoja, ambaye wengi wetu tumekula pilau yake tangu tulipoanza kukutana, aliacha kupika chakula cha ushirika. Akialikwa nyumbani kwa mtu, hali, au anakula vijiko viwili na kusukuma sahani. Maneno yakaanza: anaringa, amekosana na akina mama, Marekani imembadilisha. Ilipita miezi kabla hajasema kwamba tangu alipougua Korona hasikii harufu wala ladha. Wali na karatasi kwake vilikuwa kitu kimoja. Alikuwa akipika kwa kukumbuka tu. Siku moja maharage yakaungua naye amesimama kando ya sufuria, akipanga vyombo, mpaka mwanawe aliporudi kutoka shule na kuuliza mbona nyumba nzima inanuka. Hapo akaogopa. Ametupa ruhusa tuandike haya, na sisi tunamwomba radhi kwa yale tuliyoyasema.

Sasa tumwangalie Barzilai. Daudi alipomkimbia Absalomu na kufika Mahanaimu, mzee huyu alikuwa miongoni mwa waliomletea chakula: ngano, shayiri, unga, kunde, dengu, asali, siagi, kondoo. Vita vilipokwisha, mfalme akamwalika aende Yerusalemu ale mezani pake. Barzilai akakataa kwa adabu. Alikuwa na miaka 80, na akaeleza wazi kwamba haonji tena ladha ya anachokula na anachokunywa. Akaomba Kimhamu aende badala yake. Tazameni alivyofanya Daudi: hakumlazimisha, hakuona amedharauliwa, wala hakumwambia imani yake ni haba. Alimpokea Kimhamu, akambusu mzee na kumbariki, akamwacha arudi kwao. Sisi tunaotoka katika desturi ambapo kukataa chakula cha mtu ni kumkataa mwenyewe, tuna la kujifunza hapo.

Inakuwaje mtu apoteze ladha ilhali ulimi wake ni mzima? Ulimi unajua mambo machache: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha huja kwa pua. Wapeni watoto jaribio hili: abane pua, atafune kipande cha embe. Atasikia utamu na uchachu kidogo, lakini uembe wenyewe hautakuwepo mpaka aachie pua. Ukali wa pilipili nao una njia yake, kupitia mshipa wa fahamu wa uso, ndiyo maana wengi waliopoteza harufu bado huwashwa na pilipili.

Korona ndiyo iliyoleta jambo hili katika nyumba nyingi, lakini halikuanza nayo. Mafua makali, kuumia kichwa, vinyama vya puani na uzee huweza kulileta pia. Kwa wengi harufu hurudi baada ya majuma machache. Kwa wengine huchukua miezi au miaka, na kuna ambao hairudi yote. Wengine hurudiwa na harufu iliyopinda: kahawa, vitunguu, mayai na nyama ya kukaanga vinanuka kama kitu kilichooza. Mtu wa namna hiyo akitoka jikoni ukikaanga vitunguu, usimfuate na sahani.

Kuna zoezi linalosaidia baadhi ya watu. Mwaka 2009 watafiti wa Dresden, Ujerumani, wakiongozwa na Thomas Hummel, walitangaza matokeo ya watu walionusa vitu vinne, asubuhi na jioni, kwa majuma 12: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Waliofanya zoezi waliendelea vizuri kuliko wasiofanya. (Wenzetu wa Pemba walifurahi sana kusikia karafuu imo.) Nusa kila kimoja kama sekunde 20, taratibu, huku ukikumbuka harufu yake ya zamani. Ni kazi ya subira, na siku nyingi utaona hakuna kitu. Lakini msitie puani kila dawa mnayotumiwa kwenye simu. Mwaka huohuo wa 2009, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watu juu ya dawa fulani za zinki za kutia puani, kwa kuwa watumiaji walikuwa wakipoteza harufu.

Harufu ikipotea ghafla bila mafua, au baada ya kugonga kichwa, muone daktari mapema. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Ombeni wa Kiswahili, msimtume mtoto wa miaka 10 atafsiri.

Nyumbani hatari ni za kweli. Gesi ya kupikia huwekewa harufu makusudi ili uvujaji ujulikane, na kwa mtu asiyenusa ulinzi huo haupo. Hakikisheni kengele za moshi zina betri, na wekeni kengele ya kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala, kwa sababu hewa hiyo haina harufu kwa mtu yeyote. Na jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya nyumba, hata baridi iwe kali namna gani. Andikeni kwa kalamu tarehe ya kufungua maziwa. Chumvi nayo iangaliwe: asiyesikia ladha huongeza na kuongeza, na wengi wetu tayari tuna shinikizo la damu.

Huzuni yake isichukuliwe kuwa udhaifu. Dada yetu alisema kilichomuumiza kuliko chakula ni kuinama juu ya kichwa cha mtoto wake mchanga asisikie kitu, na kupokea meza ya Bwana kana kwamba kinywani hamna chochote.

Amerudi jikoni tangu mwezi uliopita. Anachochea yeye, na binti yake anaonja chumvi. Karafuu ameanza kuisikia, kwa mbali. Vitunguu bado vinamkimbiza, kwa hiyo Jumapili ijayo vitakaangwa na akina baba, nje.