Bili Ikikushinda, Ulizia Ustawi wa Jamii

Niliwahi kukaa benchi moja na mama mmoja nje ya wodi ya mifupa. Binti yake alipasuliwa mguu, akaruhusiwa, lakini siku ya tatu sasa bado walikuwa pale kwa sababu ya bili. Mama alikuwa ameikunja ile karatasi mara nne na kuifunga kwenye pindo la kanga, kazi yake ikawa kuwapigia simu ndugu mmoja mmoja. Mwisho wa korido ileile kulikuwa na mlango ulioandikwa Ustawi wa Jamii. Hakuna aliyekuwa amemwambia kazi ya mlango ule, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za serikali Tanzania, mwaka 1993, uliambatana na utaratibu wa msamaha. Wapo wanaosamehewa kisera: wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza, wagonjwa wa kifua kikuu, wa ukoma na wanaoishi na VVU. Nje ya makundi hayo yupo mtu mzima wa kawaida ambaye ugonjwa umemkuta hana kitu. Huyo naye anaweza kusamehewa, ila lazima aombe, na anayemsikiliza ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Nenda kwake siku mgonjwa anapolazwa. Ukisubiri siku ya kuruhusiwa, deni limeshakua na kitanda bado kinahesabiwa. Atakuuliza unaishi wapi, unafanya kazi gani, umepanga au una kwako, watoto wangapi wanakutegemea, ndugu wanaweza kuchanga kiasi gani. Mweleze ukweli wote, hata ule unaouonea aibu. Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, mwambie. Anaweza kukusamehe bili yote au sehemu yake, au mkaandikiana ulipe kidogo kidogo.

Utahitaji barua ya utambulisho. Anza kwa mjumbe wa shina, kisha ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, na hakikisha imepigwa muhuri. Jina la mgonjwa liandikwe kama lilivyo kwenye kadi ya hospitali, herufi kwa herufi. Kadi ikisema Mwanaisha na barua ikasema Mwanaasha, utarudishwa, na nauli ya kwenda na kurudi ni hela ya unga. Ikiwa ni dharura, mgonjwa awahishwe kwanza, ndugu mwingine abaki kufuatilia barua.

Msamaha una mipaka. Dawa ikikosekana hospitalini ukaandikiwa ukanunue nje, duka la dawa halitambui karatasi yako. Kabla hujatoka getini, mrudie daktari umuulize kama ipo dawa nyingine ya kazi hiyohiyo kwenye famasi ya ndani. Hospitali binafsi nazo zina taratibu zake, kwa hiyo uliza mapema, kabla ya kulaza mtu.

Yule mama alisindikizwa hadi mlango ule na muuguzi wa zamu ya mchana. Barua aliletewa na mdogo wake kesho yake asubuhi, na sehemu kubwa ya bili ikafutwa.

Ukikataliwa, omba uelezwe sababu, kisha muone mganga mfawidhi ukiwa na barua na bili yako mkononi.