Rumeti si lazima awe rafiki yako

Mdogo wangu wa Iringa, barua yako nimeisoma na nimecheka. Umepata chuo ulichokitaka, kozi uliyoitaka, mkopo umetoka, lakini usingizi umekukimbia kwa sababu ya wasichana watatu ambao hata majina yao huyajui. Sijakucheka kwa dharau. Barua za namna hii huanza kuingia kila mwaka majibu ya udahili yakishatoka, na swali ni lilelile: nitaishije chumba kimoja na mtu nisiyemchagua? Wewe umeongeza kwamba umesoma kutwa tangu la kwanza hadi kidato cha sita, nyumbani una chumba chako, huwezi kulala taa ikiwaka, na sasa unafikiria kumwomba baba akupangie geto ili mambo yaishe.

Tuanze na hilo geto. Pembezoni mwa chuo chako cha Mlimani, kule Changanyikeni, Msewe na Makongo, vyumba vya kupanga vipo vingi na vingine vizuri kweli. Ila mwenye nyumba wa Dar anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, bado hujanunua godoro wala jiko. Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, na bumu, yaani fedha hiyo, lina tabia ya kuchelewa wiki ile ile uliyoishiwa. Halafu huko nako utachangia tu: choo, koki ya uani, luku, na mpangaji wa chumba cha pili anayefungulia muziki Ijumaa jioni na kuuzima Jumapili. Huyo hana wadeni, yaani msimamizi wa hosteli, wa kumshtakia. Na ukitoka maktaba saa nne usiku, njia ya kwenda hosteli ina watu. Njia ya kwenda geto inategemea siku.

Kwa hiyo ukipangiwa kitanda, kichukue haraka. Chuo chako hicho, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianza Oktoba 1961 pale mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi 14, wote wa sheria, na hao sidhani kama waliwahi kugombania ndoo. Leo wanafunzi ni makumi ya maelfu. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa Aprili 2017 zilijengwa kwa ajili ya watu 3,840, ipo Mabibo, yapo mabweni ya zamani ya Mlimani, na bado wapo wanaokosa. Chumba cha peke yako mwaka wa kwanza ni kitu cha kusikia kwa watu.

Sasa nikwambie ninachokiamini. Wasichana wengi wanaoniandikia mwezi wa pili wa masomo wakilia, hawakuangukia rumeti mbaya. Walipata rumeti wa kawaida, ila walimtarajia awe rafiki. Walishamwona kichwani kabla hawajamwona kwa macho: tutapika pamoja, tutakwenda kipindi pamoja, tutasukana Jumapili. Wakakuta mtu ana rafiki zake aliotoka nao Kibosho, anapokea simu akiwa amegeuka ukutani, anasalimia na kulala. Basi mtu anaumia kama aliyeachwa na mchumba, wakati hakuna aliyemwahidi lolote.

Rumeti ni jirani, ila jirani aliye karibu mno. Jirani unamsalimia, unampa pole akiugua, unamgongea ukiishiwa chumvi, na maisha yake mengine huyajui wala huyaulizi. Urafiki ukija, vizuri. Usipokuja, bado mnaweza kuishi mwaka mzima kwa amani, na amani ndiyo uliyolipia.

Waliosoma bweni watakutisha kwamba utateseka. Usiwasikilize sana. Bweni la sekondari lina watu arobaini, kengele, matroni na kiranja. Usipoelewana na mmoja unahamia kwa wengine, na taa inazimwa na mtu ambaye huna haja ya kubishana naye. Chumba cha wanne hakina kengele. Mwenzako akiwasha taa saa nane usiku, amewasha yeye, na wa kusema ni wewe. Nimewaona waliokaa bweni miaka sita wakishindwa na chumba cha wanne kuliko mtoto wa kutwa, kwa kuwa wao wamezoea sheria ziletwe na mtu mwingine. Wewe angalau nyumbani umeshazoea kumwambia kaka yako apunguze redio.

Na kusema ndiyo kazi yenyewe, hasa kwetu sisi tuliolelewa kumeza. Usiitishe kikao cha chumba siku ya kwanza na daftari mkononi, watakuona mjumbe wa nyumba kumi. Subiri ile jioni ya kwanza au ya pili mkiwa mnatandika, mtu anatafuta pa kuning'iniza chandarua, mwingine anakula mihogo aliyofungiwa na mama yake. Hapo useme kwa sauti ya kawaida: "Jamani, mimi taa ikiwaka silali kabisa. Nyie huwa mnasoma mpaka saa ngapi?" Umejisema mwenyewe, kisha umeuliza. Hakuna aliyelaumiwa. Atakayejibu "mimi nakesha" ameshajua kuna mtu asiyelala, na mtatafuta njia: taa ndogo ya kubana kitandani, au anayekesha anakwenda kujisomea kwenye vimbweta vya nje na kurudi kimya kimya.

Hivyo hivyo kwa alamu ya alfajiri. Kama unaamkia swala au maombi, waambie mapema, na simu ilale chini ya mto wako. Isilie kwenye meza ya pamoja mara tano huku wewe umejifunika.

Ugomvi wa chumbani hauletwi na mambo makubwa. Unaletwa na pasi, ndala, waya wa kugawia umeme wenye matundu matatu na simu nne, na zaidi ya vyote, ndoo. Sikiliza jinsi inavyokuwa. Maji yanakatika Alhamisi. Wewe Jumatano usiku ulijaza ndoo yako ya lita ishirini, ukafunika, ukaisukuma chini ya kitanda. Unarudi kutoka semina saa kumi umechoka, unakuta mfuniko uko kando, maji yamebaki nusu, na juu yake povu. Chumbani wapo wote watatu, kila mmoja ameinamia simu.

Ukisema, "Nani kanawia miguu maji yangu?" hakuna atakayejibu mpaka mwaka uishe. Sema hivi: "Maji yangu yamepungua na nilikuwa nimeyaweka ya kuogea kesho. Nani anaweza kunipunguzia nusu ndoo?" Anayejijua atainuka. Labda hatasema samahani, lakini atakuja na maji, na kesho atachota ya kwake. Umempa mlango wa kutokea bila kumvua nguo mbele ya watu. Kisha nunua maka peni, andika jina kwenye ndoo. Watu wazima huandika majina kwenye ndoo zao, si utoto.

Usichotakiwa kufanya ni kununa, maana kununa kwa mtu mmoja ni adhabu ya chumba kizima. Na nakuomba sana, usimseme mtu kwenye status ya WhatsApp. Bibi zetu walikuwa na kanga za kurushiana maneno, lakini walikuwa na nyumba mbili tofauti za kurudi jioni. Wewe ukishatuma kijembe saa mbili, saa nne unalala futi tatu kutoka kwa uliyemtupia.

Kuna jambo ambalo nyumbani hujalisikia, nalo ni kubebana. Mwanafunzi aliyekosa nafasi anabebwa na mwenye kitanda, wanalala wawili kwenye futi mbili na nusu. Vyuo vinakataza na bado watu wanabebana kila mwaka, kwa sababu aliyekosa hana pa kwenda na kodi ya mtaani hana. Simlaumu anayebeba. Ninachokataa ni kubeba kimya kimya. Mbebwa halali kwenye kitanda cha mwenyeji wake peke yake. Anatumia bafu lenu, tundu lenu la umeme, hewa yenu, na akikutwa kwenye ukaguzi chumba kizima kinahojiwa. Rumeti wako akija na mtu, una haki ya kuuliza: ni mpaka lini? "Mpaka apate geto" si jibu. "Mpaka bumu litoke" angalau lina mwisho. Na wewe usiombe kubeba mtu kabla wenzako hawajakubali, hata kama ni binamu yako wa damu.

Suala la wageni wa mchana ni jepesi zaidi, ila hapo nina siri ya kukupa: ukiweza kupanda, chukua kitanda cha juu. Cha chini ni benchi la umma. Kila anayeingia anakalia shuka lako, na chipsi zinaliwa hapo. Cha juu hakuna anayekwea kuja kukusalimia. Ukiangukia cha chini, zungushia kanga mbili au shuka jepesi kwa kamba. Ukizishusha, hicho ndicho chumba chako, na baada ya wiki kila mtu anajua kanga ikishuka mtu hasemeshwi. Kuhusu kubadili nguo, ambako umeandika kwa aibu kwenye mstari wa mwisho: kanga moja ya kifuani inatosha, na hakuna atakayekutazama. Saa moja kasorobo asubuhi kila mtu anatafuta kiatu chake.

Mwingine aliyeniandikia, hakutaka hata mkoa wake utajwe, anatumia dawa kila siku na anaogopa kopo lionekane. Mdogo wangu, afya yako si mada ya chumba. Huna deni la kumweleza yeyote. Waulize wahudumu wa kliniki yako kama dozi ya wiki inaweza kukaa kwenye kikopo kingine kikavu, ifungie sandukuni, na usiruke dozi kwa kumwogopa mtu. Ila tofautisha. Kama ni kifafa, pumu au selimundu, kitu kinachoweza kukukamata ghafla usiku, mweleze angalau mmoja wao: dalili ni hizi, dawa iko hapa, nampigia nani. Mwenye kifafa asilale juu, hata kama nimekisifu kitanda hicho.

Kunguni sitawapaka rangi, wapo. Kabla ya kutandika, washa tochi ya simu ukague mishono ya godoro na maungio ya kitanda. Vidoa vyeusi kama nukta za kalamu ndiyo alama yao. Ukiviona, toa taarifa siku hiyo hiyo, anika godoro juani, mwagia kitanda cha chuma maji yanayochemka, na shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Hawajulikani kuambukiza ugonjwa, wanakera tu, lakini chumba kisipopigwa dawa chote kwa pamoja wanahama kitanda na kurudi. Ukishaumwa, usimwangalie rumeti kwa jicho baya. Huenda walikuwapo kabla yenu wote.

Yote niliyosema ni ya watu wanaokwaruzana kwa kawaida. Akikupiga, akikutishia, akiingiza mwanaume usiku, akiuza au kuvuta vitu chumbani, hapo hakuna cha kutafuta maneno laini. Nenda kwa wadeni, andika barua, baki na nakala. Wadeni akikuzungusha, panda kwa mlezi wa wanafunzi au kwa viongozi wa serikali ya wanafunzi, na vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia. Kuomba kuhamishwa si kushindwa. Kwa wizi mdogo mdogo, nunua sanduku la chuma na kufuli zuri kabla hujapanda basi. Ni rahisi kuliko kumchunguza mtu muhula mzima.

Kwa hiyo baba usimsumbue na geto mwaka huu. Dirisha la maombi ya malazi likifunguliwa, omba siku hiyo hiyo, lipia ndani ya muda uliopangwa, na risiti usiifute kwenye simu.

Na nyie wa mwaka wa pili na wa tatu mnaosoma hapa, nina ombi. Mwezi wa kumi na moja mlango ukifunguliwa na msichana amesimama na begi, ndoo na shangazi yake, msianze na "unatoka wapi na umepata daraja gani." Mwonyesheni koki inayotoa maji alfajiri, choo ambacho kitasa chake kinafunga, na tundu la umeme lisilorusha cheche. Msogezeeni vitu vyenu avione vitanda vilivyo wazi, halafu mwacheni achague mwenyewe.