Kalamu ya Bibi Salme

Mto Pangani hupita Korogwe, kisha huingia baharini penye mji wa Pangani. Zamani watu wa Handeni na Korogwe walioshuka pwani kufanya biashara walifika katika mji ule, nao ulikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Habari hii ni ya nyumba ya masultani hao.

Seyyid Said alikufa baharini mwaka 1856, alipokuwa akirudi kutoka Omani. Mwanawe Majid akashika utawala wa Unguja. Lakini Barghash, ndugu yake Majid, hakuridhika, akatafuta watu wa kumsaidia kumwondoa.

Umbu lao mmoja, mtoto wa mama mwingine, aliitwa Salme. Siku zile mabinti wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani tu, wala si kuandika. Salme alitamani elimu. Akatwaa mfupa wa bega la ngamia uwe ubao wake, akanakili kwa siri herufi za Kurani mpaka mkono wake ukazoea.

Mwaka 1859 mama yake Salme alikufa kwa kipindupindu. Alibaki kumtegemea dada yake Khole, aliyempenda mno. Khole alikuwa upande wa Barghash. Salme alikumbuka wema wa Majid, maana utotoni alikaa nyumbani mwake. Alisitasita, lakini mwisho akamfuata Khole. Umri wake ulikuwa miaka 15 tu.

Wenye shauri lile walihitaji mwandishi wa kuaminiwa, wakamchagua Salme. Basi elimu aliyoitafuta kwa taabu ikatumika kuandika barua za siri juu ya ndugu yake mwenyewe.

Siri haikukaa. Majid akapata habari, askari wakaizunguka nyumba ya Barghash. Usiku mmoja Salme na Khole wakaenda kwake pamoja na wanawake wengi, wakamvika nguo za kike, wakatoka naye katikati ya askari. Barghash akakimbilia shamba la Marseilles, walikojikusanya watu wake. Majid akawashambulia, naye akasaidiwa na manowari za Waingereza. Watu wengi wakauawa. Barghash akarudi mjini kwa siri, akashikwa, akapelekwa Bombay uhamishoni.

Salme alingojea adhabu. Lakini Majid hakumwadhibu, wala hakumnyang'anya mali yake, ingawa wengine walimshauri afanye hivyo.

Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja, akabatizwa jina la Emily, akaolewa na Mjerumani. Majid alipokufa mwaka 1870, Barghash akawa Sultani. Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja kudai urithi wake. Barghash, ambaye kwa ajili yake aliandika zile barua, akakataa hata kumwona.

Mwaka 1886 Salme alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani, wala humo hakuficha majuto yake. Alikufa mwaka 1924 huko Ujerumani. Kalamu ni kama kisu: hukata anapotaka aishikaye. Ajuaye kuandika na aulize kwanza ni nani amtumaye, na kwa kazi gani.

MASWALI
1. Salme alijifunzaje kuandika?
2. Kwa nini alimfuata Khole?
3. Linganisha alivyotendewa na Majid na alivyotendewa na Barghash.