CPU 8, Viini 4: Namna ya Kusoma Ramani ya Prosesa Kwenye Linux

Prosesa ya Intel Core i5-8250U, inayopatikana kwenye kompyuta nyingi za mkononi, ina viini 4. Lakini ukiwasha kompyuta hiyo kwa Linux na kuandika amri ya nproc, utajibiwa 8. Majibu yote mawili ni sahihi, ila kila moja linajibu swali lake. Anayeyachanganya anaweza kununua kompyuta kwa bei isiyostahili, kulipa mara mbili kwa programu ambayo leseni yake inauzwa kwa idadi ya viini, au kuilundikia seva kazi kuliko uwezo wake.

Linux haifichi habari hizi. Kerneli, yaani programu iliyo katikati ya mfumo endeshi na inayosimamia vifaa vyote, huziweka kwenye mafaili ambayo mtumiaji yeyote anaweza kuyasoma. Kwa kawaida nywila ya msimamizi haihitajiki, na kuyasoma hakuharibu chochote.

Istilahi za kujua kwanza

Soketi ni mahali kwenye bodi ya kompyuta panapopachikwa chipu ya prosesa. Kompyuta za nyumbani huwa na soketi 1; seva kubwa mara nyingi huwa na 2. Ndani ya chipu mna viini, na kila kiini kina mitambo yake ya kukokotoa. Kiini kinaweza kuwa na uzi mmoja au zaidi, na kila uzi ni mlango wa kupokelea kazi.

Kiini chenye nyuzi 2 ni kama fundi cherehani anayepokea nguo za wateja wawili. Ya kwanza ikisubiri vifungo, anaendelea na ya pili, kwa hiyo muda haupotei. Lakini cherehani ni ile ile moja. Intel ilianza kuuza prosesa za namna hii mwaka 2002 kwa jina la Hyper-Threading.

Shika jambo hili moja: kerneli ya Linux huita kila uzi CPU. Ndiyo maana viini 4 vyenye nyuzi 2 kila kimoja vinahesabiwa kuwa CPU 8.

Kerneli inajuaje?

Kompyuta inapowaka, kerneli huanza kwa kuuliza. Kwenye prosesa za Intel na AMD hutumia agizo la CPUID, ambalo prosesa yenyewe hulijibu, pamoja na majedwali ya ACPI yanayotayarishwa na programu ya kuwashia kompyuta. Kwenye vifaa vingi vya ARM, zikiwamo simu za Android ambazo nazo huendeshwa na kerneli ya Linux, husoma maelezo ya kifaa yaliyoandaliwa na mtengenezaji. Baada ya hapo huchora ramani na kuianika.

Pa kuisoma

Anza na amri ya lscpu, ambayo hukusanya habari hizo na kuzipanga. Tafuta mistari mitatu: "Socket(s)" ni idadi ya soketi, "Core(s) per socket" ni viini kwa kila soketi, na "Thread(s) per core" ni nyuzi kwa kila kiini. Kwenye kompyuta yetu ya mfano utaona 1, 4 na 2. Zidisha: 1 × 4 × 2 = 8. Ukiandika lscpu -e utapata jedwali linaloonyesha kila CPU na kiini chake.

Ukitaka kwenda kwenye chanzo, fungua folda ya /sys/devices/system/cpu. Humo utakuta:

- Faili la online linataja CPU zinazofanya kazi sasa. Jibu la 0-7 ni CPU 8, kwa kuwa hesabu huanzia sifuri.
- Faili la cpu0/topology/thread_siblings_list linataja nyuzi zinazotumia kiini kimoja na CPU 0. Kwenye kerneli mpya utaliona pia kwa jina la core_cpus_list. Jibu la 0,4 maana yake CPU 0 na CPU 4 ni kiini kimoja.
- Faili la cpu0/topology/physical_package_id linataja namba ya chipu.
- Folda ya cpu0/cache inaeleza ukubwa wa kila kache, yaani hifadhi ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, na CPU zinazoitumia kwa pamoja.

Faili la /proc/cpuinfo ni la zamani zaidi na bado linasomwa sana, lakini maudhui yake hubadilika kulingana na aina ya prosesa. Anayeandika programu na ategemee folda ya /sys.

Mitego

Usikisie mpangilio wa namba. Kwenye mashine moja pacha wa CPU 0, yaani uzi mwingine wa kiini chake, ni CPU 4. Kwenye nyingine ni CPU 1. Namba za viini nazo huweza kuruka, na zikajirudia kwenye soketi nyingine. Ukitaka kuifungia programu kwenye CPU fulani kwa amri ya taskset, soma kwanza orodha ya mapacha. Vinginevyo unaweza kuzibananisha kazi mbili nzito kwenye kiini kimoja huku vingine vimekaa bure.

Usizidishe bila kuangalia aina ya prosesa. Core i7-12700 ina viini 8 vikubwa vyenye nyuzi 2 na viini 4 vidogo vyenye uzi 1. Jumla ni viini 12 na CPU 20, siyo 24. Kwenye prosesa za Intel za mchanganyiko huu, /sys/devices/cpu_core/cpus hutaja CPU za viini vikubwa, na /sys/devices/cpu_atom/cpus za vile vidogo.

Kwenye seva uliyokodi mtandaoni, mara nyingi unapewa mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu. Ramani unayoiona humo ni ile aliyoitangaza mwenye mtambo, na si lazima ilingane na chipu iliyo chini yake.

Kwenye kontena, yaani mazingira yaliyotengwa kwa ajili ya programu ndani ya mashine, nproc inaweza kukuonyesha CPU zote za mashine ilhali umegawiwa muda wa chache tu. Pale cgroup toleo la 2, mfumo wa kerneli wa kugawa rasilimali, unapotumika, soma /sys/fs/cgroup/cpu.max. Jibu la 200000 100000 maana yake ni muda wa CPU 2.

Ramani na usalama

Nyuzi za kiini kimoja hushirikiana mitambo na kache, na ushirika huo umewahi kuwa mwanya wa kuvujisha siri. Mwaka 2018, kasoro za prosesa zilipoibuka moja baada ya nyingine, mfumo endeshi wa OpenBSD uliamua kuzima nyuzi pacha tangu mwanzo. Linux iliachia uamuzi kwa msimamizi: faili la smt/control, ndani ya folda ile ile ya /sys/devices/system/cpu, huonyesha kama nyuzi pacha zimewashwa, na msimamizi anaweza kuzizima hapo. Folda ya vulnerabilities nayo inaeleza kasoro zinazojulikana na kinga iliyopo. Anayeendesha mashine moja kwa wateja wasiofahamiana anapaswa kuisoma.

Kabla ya kuamua

Unaponunua kompyuta iliyotumika, omba iwashwe kwa Linux iliyo kwenye fleshi na uendeshe lscpu mbele ya muuzaji. Unapolipia leseni, uliza kwa maandishi kama wanahesabu soketi, viini au nyuzi. Unapogawa kazi kwenye seva, angalia pacha wa kila CPU kabla ya kuitaja. Ramani iko wazi na haina malipo; isome kabla hujatoa fedha yako.