Nishani Iliyochelewa: Kutoa Heshima ni Kulipa Deni



Anayeingia Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, Mji Mkongwe, huonyeshwa msalaba wa mbao. Mbao hizo zilitoka kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, kwenye mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873. Leo tuwatazame waliouzika.

Livingstone alikwisha kupewa nishani ya dhahabu na Shirika la Kifalme la Jiografia la London mwaka 1855, kwa elimu aliyoikusanya kuhusu Afrika. Alipofariki, Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani, pamoja na madaftari na vipimo vyake. Bila wao, matunda ya safari yake ya mwisho yangepotelea porini.

Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ukapumzishwa katika misheni yetu Katoliki. Kisha ulivushwa hadi Unguja, na kutoka hapo ukapelekwa London. Katika mazishi ya tarehe 18 Aprili, kati ya wachukuzi wote alikuwapo mmoja tu, Jacob Wainwright.

Baadaye Shirika lile lilitengeneza nishani 60 kwa ajili yao, zenye maneno ya kuwasifu kuwa waaminifu hadi mwisho. Zilipogawiwa Unguja mwaka 1875, wengi walikuwa wametawanyika. Wengine walikwisha kuondoka na msafara wa Stanley. Nishani ilikuwapo, mwenyewe hayupo.

Tunajifunza nini?

Kwanza, heshima ni haki. Mtume Paulo anatufundisha kumlipa kila mtu anachostahili, heshima ikiwemo (Rum 13:7). Deni halilipwi kwa hisani, wala halingoji mpaka mdai aondoke.

Pili, elimu ni kazi ya mwili mzima. Viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vya lazima (1 Kor 12:22). Katika jubilei zetu za parokia tunampa cheti mhandisi aliyechora kanisa. Fundi mwashi na waliobeba maji ya zege tunawakumbuka?

Tatu, aliyetumika bila nishani hakutumika bure. Baba aonaye sirini atamlipa.

Swali la kutafakari: ni nani tunayemdai kazi kila siku, nasi hatujamlipa hata neno la asante?